Matairi ya Supang na Kamba ya Lugun

Tarehe 6 Oktoba

Mvua imeanza leo mchana, mapema kuliko tulivyoitarajia. Daftari hili nililinunua mjini Miri ili niandike majina ya abiria, lakini abiria wangu nawakumbuka wote. Ninachoshindwa kukihifadhi kichwani ni hasira. Basi zikae humu.

Gari la baba lina matairi vipara. Tangu baba afariki nimekuwa nikibeba watu na mchele kutoka hapa kijijini Pa' Ribun, juu milimani, hadi Miri kwa matairi yale yale aliyoniachia pamoja na funguo, na kiangazi kilinihurumia. Mvua haitanihurumia. Lazima ninunue matairi manne mapya kabla barabara ya msituni haijalowa yote. Na kila mwanamume mwenye leseni katika nyumba yetu ndefu, ambamo kijiji kizima kinaishi chini ya paa moja, ameshaniambia ninunue yapi, ingawa sijamuuliza hata mmoja.

Tarehe 7 Oktoba

Asubuhi, kahawa kwenye veranda. Kaka yangu Lugun ndiye mkubwa wa madereva hapa. Gari lake lina matairi ya matope, meno makubwa yaliyoachana, mapana mpaka yametokeza nje ya bodi. Kwetu dereva haheshimiwi kwa umri wake, anaheshimiwa kwa meno ya matairi yake. Kijana akienda kuposa huosha matairi kwanza, uso baadaye.

"Nunua ya matope, Supang," aliniambia. "Hili si jambo la kukaa ukalifikiria."

"Nimeshakaa, kaka. Acha nifikirie."

"Yale ya kati na kati, ya njia zote, ni ya watu wa mjini. Wakipanda nayo ukingo wa barabara mbele ya duka wanajiona wamefika milimani."

Wenzake walicheka mpaka mmoja akamwaga kahawa. Mimi nilimpa kitambaa afute. Nina miaka arobaini na sita na bado wananiita kwa jina nililopewa utotoni, kwa sababu kwetu mtu hubadilishiwa jina akizaa, kisha tena akipata mjukuu, na mimi sikuzaa. Nadhani ndiyo maana wanazungumza nami kama vile bado sijafika mezani.

Tarehe 10 Oktoba

Niko Miri. Nimeshuka polepole na nimefanya kitu ambacho sijawahi kumwona dereva yeyote wa kwetu akifanya. Nimesimama njiani na kuitazama barabara.

Baba alipoanza kuendesha, njia yote ilikuwa matope, malori ya magogo yakipita juu yake kutwa. Sasa wakata miti wamemwaga mawe yaliyopondwa karibu kote, mawe yenye kona kali. Halafu kuna madaraja ya magogo, ambayo yakilowa ni hatari kuliko matope. Kisha inaanza lami mpaka mjini. Matope yenyewe yamebaki kule kwetu juu, kidogo, na pale kwenye kilima tunachokiita Sabuni, ambacho ni udongo mtupu wa mfinyanzi kuanzia chini hadi kileleni.

Kila mwaka Lugun anatupa matairi ambayo mawe yameyang'oa meno, kisha ananunua yale yale na kuyalaani mawe. Barabara imebadilika lakini wao wanaendesha ile iliyomo vichwani mwao.

Tarehe 11 Oktoba

Duka la tauke, yaani tajiri mwenye duka, jina lake Hii. Mzee huyu amewauzia matairi watu wa milimani tangu nywele zake zikiwa nyeusi. Alinimiminia chai, akanipeleka moja kwa moja kwenye rafu ya matairi ya matope.

"Wewe ni dada yake Lugun. Haya hapa. Nisipoteze muda wako."

"Nionyeshe ya njia zote."

Alinitazama juu ya miwani. "Ya nani?"

"Yangu."

Akaniletea. Meno yake yamekaribiana, yana mifereji midogo ya kutoa maji, ubavu wake mnene. Niliubonyeza kwa goti, haukubonyea. Nikamwambia nataka hayo hayo, lakini membamba zaidi na marefu zaidi, yakate tope yafike chini kwenye kigumu badala ya kuelea juu.

"Membamba? Utachekwa kule juu."

"Nimeshachekwa kabla ya kununua. Bora nichekwe kwa kitu ninachokimiliki."

Hilo lilimfurahisha. Lakini wakati fundi wake anayafunga alinisogelea, akasema taratibu, "Sikiliza. Kwenye mawe na kwenye magogo hutajuta. Kwenye mfinyanzi yatajaa udongo yawe laini kama kitumbua. Nakwambia mapema, usije ukanirudishia."

Nilimwambia Sabuni ni kilima kimoja. Siwezi kuchagua matairi ya safari nzima kwa ajili ya kilima kimoja.

Tarehe 13 Oktoba

Nimerudi. Sabuni palikuwa pakavu, nimepanda bila shida. Madereva walikuwa wamekaa verandani wananisubiri kama wanasubiri maiti. Waliyatazama matairi. Mmoja aliuliza kama ni ya baiskeli.

Lugun hakucheka safari hii. Alizunguka gari lote, akapiga tairi teke moja, kisha akasema mbele ya wote, "Mvua hizi hutazimaliza na haya."

"Nitazimaliza."

"Utavutwa."

Ndipo mdomo wangu ukanitangulia. Nilisema, "Nikivutwa kwa kamba hata mara moja kabla mvua hazijaisha, funguo za gari la baba ni zako, Lugun. Nami narudi shambani kufukuza ndege."

"Umesema mwenyewe."

"Nimesema mwenyewe."

Mama alikuwa ndani anapepeta mchele na kila kitu amekisikia. Usiku huu amenipakulia nyama ya nguruwe mwitu vipande vikubwa, jambo analolifanya akiwa na wasiwasi. Sijutii. Nikilikosa gari hili sina kazi nyingine ninayoipenda duniani, na hata hivyo sijutii.

Tarehe 20 Oktoba

Mvua. Nimeshuka, nimepanda. Hakuna kamba.

Tarehe 27 Oktoba

Mvua. Nimebeba mananasi, mchungaji wa kanisa na mahubiri yake mawili, na mbwa wake. Hakuna kamba.

Tarehe 3 Novemba

Leo asubuhi nimekuta kamba imefungwa kwenye nguzo ya mlango wetu. Nene, ndefu, imekunjwa vizuri. Hakuna aliyekiri. Pale verandani wote walikuwa wanatazama milima kwa hamu ambayo sijawahi kuiona.

Nimeifungua, nimeitandaza kati ya nguzo mbili nyuma ya nyumba, nimeanika nguo. Za ndani nimezianika mbele kabisa, upande wa kuelekea kwao.

Tarehe 12 Novemba

Nimenasa karibu na mashamba, si mbali na nyumbani. Tope lilikuwa jipya, mimi nilichelewa kupunguza upepo kwenye matairi. Kosa langu, si la matairi. Habari ikafika nyumba ndefu kabla sijazima injini, na madereva wakaja mbio, mmoja akiwa na nyati wake wa kulimia na kamba tayari.

"Mfunge mnyama wako kwenye gari langu uone," nilimwambia.

Abiria wangu, wanawake wa kwaya, waliteremka wenyewe, wakapandisha sketi, wakasukuma. Gari likatoka. Ukazuka ubishi hadi jioni. Kusukumwa ni kuvutwa? Yule mwenye nyati alisema ni jambo lile lile. Kiongozi wa kwaya, matope mpaka shingoni, akamuuliza, "Uliona kamba?" Akasema hakuona. "Basi nyamaza."

Lugun ndiye aliyeamua. Alisema kusukumwa si kuvutwa. Nilishangaa. Nilidhani angezinyakua funguo pale pale.

Tarehe 21 Novemba

Rinai amepanda nami kutoka Miri. Ni binti wa Lugun, mumewe anafanya kazi baharini kwenye mitambo ya mafuta, na yeye amekuja kukaa kwa wazazi mpaka karibu na kujifungua. Mwezi wa kwanza atashuka kwa ndege ndogo inayotua hapa kwetu, akajifungulie mjini. Tumbo lake tayari ni kubwa. Baba yake alikuwa na safari siku hiyo hiyo, lakini Rinai alipanda kwangu.

"Gari la baba linaunguruma mpaka mtoto anapiga mateke," alisema. "Kwako amelala njia nzima, shangazi."

Niliyapenda maneno hayo kupita kiasi. Nimeyarudia kwa mama mara mbili.

Tarehe 30 Novemba

Mvua. Mvua. Hakuna kamba.

Tarehe 8 Desemba

Sabuni imelowa. Niliipanda kwa msaada wa Mungu na wa majani makavu aliyonitandikia mtu mmoja mwenye huruma. Nilifika juu. Nyumbani nilisema imekuwa rahisi.

Tarehe 19 Desemba

Leo tumegombana mimi na Lugun, kweli kweli.

Watu wanarudi kwa ajili ya Krismasi, kila gari linahitajika, nami nilikuwa nimejaza abiria wangu pale Miri. Lugun akaja akawaambia wahamie kwake na kwa wenzake kwa sababu Sabuni haifai kwa matairi yangu. Wawili wakahama. Nilimfuata mpaka nyuma ya gari lake.

"Unaniibia watu sasa?"

"Nawaondoa hatarini."

"Sijamwangusha mtu yeyote tangu nianze."

"Hata baba hakuwa amemwangusha mtu yeyote." Uso wake ulikuwa umebadilika. "Wewe ulikuwa huku mjini. Mimi ndiye niliyemkuta kwenye mtaro wa Sabuni, amekaa kwenye mvua siku mbili akisubiri gari lipite, anakohoa, ana vipara chini. Mimi ndiye niliyembeba. Unafikiri naitaka hii pikapu yake mbovu? Mimi nina langu."

Nilijua baba aliugua mapafu baada ya kunasa, akafa. Sikujua nani alimkuta. Hakuna aliyewahi kunisimulia hivyo, na mimi sikuuliza.

Ningeweza kusema neno zuri pale. Badala yake nilimwambia kwamba baba alinasa kwa vipara, si kwa matairi yangu, na kwamba kama anataka kuniogopea aniogopee kimya kimya bila kunichukulia abiria. Nikaondoka. Sabuni niliipanda nikiwa na hasira kiasi kwamba hata udongo nadhani ulinipisha.

Tarehe 25 Desemba

Ibada ndefu. Wali laini wa kufungwa kwenye majani, nyama, nyama tena. Lugun alinipitishia chumvi bila kunitazama. Nikaipokea bila kumtazama.

Tarehe 6 Januari

Mawingu yamekaa chini tangu Jumamosi. Ndege haitui. Rinai alikuwa ashuke leo.

Tarehe 9 Januari

Ndege haitui.

Tarehe 12 Januari

Naandika kutoka zahanati ya kambi ya wakata miti, kwenye benchi, viatu vimejaa udongo. Nitajitahidi kuandika kwa mpangilio.

Jana alfajiri Rinai aliamka akiwa na uchungu, kabla ya wakati, na damu. Muuguzi wetu wa kijijini alimwangalia, akatoka nje, akatuambia waziwazi kwamba hawezi kumsaidia pale. Ndege haikuwa ya kufikiriwa, hata paa la kanisa lilikuwa halionekani kwa ukungu. Zahanati ya karibu yenye mkunga na damu ya akiba ni hii ya kambini, na kati yake na sisi kuna Sabuni, kuna mawe, kuna madaraja yote.

Lugun alikuwa ameshawasha gari lake. Rinai alisimama mlangoni ameshikilia nguzo, akasema, "Napanda kwa shangazi."

"Rinai, mwanangu, leo si siku ya kuchagua."

"Ndiyo nimechagua, baba. Gari lako litaniua kwa mtikisiko."

Baba yake akamtazama muuguzi. Muuguzi akasema kadiri atakavyotikisika kidogo ndivyo bora. Basi Lugun akasema atatangulia yeye, mimi nimfuate. Hakubishana tena. Muuguzi akakaa kiti cha nyuma na Rinai, kichwa cha Rinai mapajani mwake.

Kufika chini ya Sabuni mvua ilikuwa inamwagika. Lugun akapanda. Yale meno makubwa yaliuma udongo, nakiri, yaliuma na kuutupa nyuma mafungu mafungu mpaka akafika juu. Nikapunguza upepo kwenye matairi yote manne, nikaingiza gia nzito, nikamfuata. Tukikaribia kileleni matairi yalikuwa yamejaa udongo. Tauke Hii alisema kitumbua, na vilikuwa vitumbua vinne. Gari likarudi nyuma lenyewe, ubavu ubavu, likajilaza kwenye mtaro upande wangu. Taratibu, bila kishindo. Rinai hakupiga kelele. Alisema tu, "Shangazi?"

"Tupo," nilimwambia. "Tumepumzika kidogo."

Lugun alishuka kwa miguu akiteleza, akafika dirishani kwangu. Alitazama mtaro. Ni ule ule, nadhani, sikumuuliza. Mvua ilikuwa inamtiririka usoni. Kisha akasema kitu ambacho sikukitegemea.

"Jaribu tena. Mimi na huyu muuguzi tutasukuma. Kusukuma si kuvuta."

Nilimtazama nisiamini. Binti yake yuko nyuma anavuja damu, na yeye anakumbuka funguo zangu. Hapo nilimpenda ndugu yangu na nikamkasirikia vyote kwa pamoja.

"Lugun, leta kamba."

"Mara moja tu, tujaribu..."

"Leta kamba, nimesema. Unadhani nitamuuza Rinai kwa gari?"

Akapanda mbio. Akarudisha gari lake kinyumenyume mpaka karibu na ukingo wa kilele, akafunga kamba kwenye langu, akavuta. Ikakatika. Ilikuwa ya zamani, imeoza katikati. Alirudi ameshika kipande mkononi.

"Ile mpya iko wapi?"

"Ipi?"

"Ile mpya. Niliyokufungia mlangoni. Nimeinunua Miri kwa ajili yako, ya kubeba kwenye gari."

Nilikitazama kile kipande cha kamba mkononi mwake.

"Nimeanikia nguo," nilisema.

Alifunga macho. Kisha, kwenye mvua ile, mwanamume huyu alicheka kicheko kifupi kibaya, akachukua ile mbovu akaikunja maradufu. Ikiwa maradufu ilikuwa fupi mno, kwa hiyo ilibidi ateremshe gari lake mpaka magurudumu ya nyuma yakawa yananing'inia pale ambapo kilima kinaanza kuanguka. Kosa moja, tungelala wote mtaroni. Alivuta. Nikakanyaga. Nilisikia matairi yangu yakitapika udongo, na tukatoka, na tukafika juu.

Nilisema kwa sauti, ili asikie na muuguzi awe shahidi, "Nimevutwa." Yeye akaifungua kamba.

Baada ya Sabuni yakaanza mawe. Nikajaza upepo kidogo kwa pampu, tukaendelea. Kabla ya daraja la kwanza Lugun alipasua tairi. Jiwe lilikuwa limepasua ubavu kutoka huku hadi kule. Alishatoka nje na jeki mkononi, akanipungia nipite, nisisimame. Nikapita. Magogo yalikuwa yanang'aa kwa maji na matairi yangu membamba yakayakanyaga kama yamezaliwa hapo, daraja baada ya daraja, na muuguzi akasema Rinai amefumba macho lakini anapumua vizuri. Sikumtazama hata mara moja. Nilitazama magogo.

Tulifika kambini mchana. Mtoto alizaliwa kabla sijamaliza kunawa mikono. Ni msichana, mdogo mno, ana sauti kubwa kuliko mwili wake. Rinai aliongezewa damu. Mkunga amesema wote wataishi.

Lugun alifika na tairi la akiba na udongo mpaka kwenye nyusi. Alimtazama mjukuu wake kupitia kioo, akakaa chini sakafuni palepale, akalia. Nilikaa naye.

Tarehe 16 Januari

Tumerudi bila Rinai na mtoto. Watakaa kambini mpaka waimarike. Asubuhi ya leo, madereva wote wakiwa kwenye kahawa, nimekwenda nimeweka funguo mezani mbele ya Lugun.

"Supang, acha mambo haya."

"Nilisema nikivutwa hata mara moja. Nimevutwa."

"Ilikuwa kwa ajili ya mwanangu."

"Sikusema kwa ajili ya nani. Nilisema kamba. Sitaki mtu aseme msimu ujao kwamba Supang alisamehewa."

Hakuna aliyecheka, hata yule wa nyati. Lugun alizitazama funguo muda mrefu. Nilimwona anatamani kuzirudisha na hajui namna, kwa sababu ningezirudisha tena mezani. Akaziweka mfukoni.

Nimekwenda shambani, nimewafukuza ndege. Ndege wa mwaka huu ni wakaidi. Mimi pia.

Tarehe 24 Januari

Lugun ametoa matairi yangu kwenye gari la baba na kufunga ya matope. Yangu ameyapanga chini ya nyumba, na kuku wa mama wameshahamia. Nimekula bila kuonja.

Tarehe 2 Februari

Tumeanza kuvuna, kuinama kutwa. Mgongo.

Tarehe 10 Februari

Mgongo.

Tarehe 17 Februari

Rinai amerudi na mtoto. Gari la baba halijasogea tangu lifungwe yale meno. Lugun huliwasha Jumapili, analiacha liungurume kidogo, analizima. Mama anasema analitunza. Mimi nasema analiaga.

Rinai ameniambia watafanya sherehe ya majina, irau kubwa, mchele mpya ukishaingia ghalani. Yeye na mumewe watapata jina la uzazi. Lugun na mkewe watapata jina la ubibi na ubabu, na lile la zamani litazikwa.

"Na wewe uchukue jipya, shangazi. Unaruhusiwa, wewe ni bibi yake."

Nimesema nitafikiria. Nimefikiria jambo jingine kabisa usiku kucha.

Tarehe 6 Machi

Irau imefanyika leo. Mvua imekatika juzi na anga limekuwa safi kwa mara ya kwanza tangu Oktoba. Nguruwe, nyati, sufuria ambazo mtu anaweza kuogea ndani. Ndugu wametoka vijiji vya mbali, hata Bario. Kila mgeni amepewa zawadi yake, kwa sababu majina mapya lazima yashuhudiwe na mashahidi waliopewa kitu mkononi.

Mtangazaji alikuwa kiongozi wa kwaya yule yule. Alimsimamisha kaka yangu katikati, amevaa koti na kofia ya shanga.

"Huyu nani?" aliuliza.

"Pun Raben," watu wakaitikia.

"Na yule mwingine wa zamani?"

"Hayupo."

"Atakayemwita jina la zamani ataosha sufuria zote mpaka ile ya nyati."

Mama akanigusa bega. "Supang, simama na wewe. Uchague jina, uache hili la kitoto."

"Jina langu ni zima bado, mama," nilisema, na nikasimama. Nikaenda mpaka katikati, mbele ya kaka yangu.

"Nina shida na nyote ni mashahidi. Mwezi wa kumi nilimwahidi mtu funguo. Nikashindwa, nikampa. Leo namtafuta. Nani ataniitia kwa jina lake?"

Watu wakatazamana. Yule wa nyati akafungua mdomo, akasema "Lu...", akautazama ule mlima wa sufuria, akaufunga. Watu wakaanza kucheka pole pole, kutoka nyuma kuja mbele.

"Mtu huyo ameondoka, dada," kaka yangu alisema. Uso wake ulikuwa mkavu kabisa. "Nimesikia ameondoka leo leo."

"Ndiyo bahati mbaya yake. Mimi Supang niliyeahidi bado nipo. Yeye aliyeahidiwa hayupo. Sasa mali yangu anaishika nani? Wewe hatujawahi kuahidiana kitu. Hata jina lako nimelisikia sasa hivi."

Watu walikuwa wanapiga sakafu kwa miguu. Alinitazama, na nikaona midomo yake inamshinda. Akaingiza mkono ndani ya lile koti la sherehe, jipya, lililokuwa halijavaliwa kabla ya leo, akatoa funguo.

Sikumuuliza kwa nini alikuja nazo.

"Kwa hiyo unabaki Supang," alisema.

"Nabaki Supang. Huyo ndiye mtu nisiyeweza kumkimbia."

"Na matairi?"

"Yangu. Yale membamba. Ya kwako njoo uyachukue kesho, Pun Raben."

Tarehe 7 Machi

Nimewahamisha kuku. Mmoja alikuwa ametaga ndani ya tairi la nne na ilibidi tuzungumze.

Pun Raben alikuja na jeki yake, tukafunga matairi pamoja bila maneno mengi. Alipomaliza alipiga moja teke, kama ile siku ya kwanza. "Mfinyanzi yatajaa," alisema. Nikamwambia ndiyo, yatajaa, na ndiyo maana nimeagiza minyororo ya kuvisha magurudumu, ya Sabuni peke yake, na safari iliyobaki matairi yangu yanaitosha. Alifikiri kidogo. Akaniuliza kama tauke Hii anayo mengine ya aina ile, kwa upana wa gari lake. Nilimwambia akaulize mwenyewe, na ajiandae kuchekwa.

Jioni nimeanua nguo na kuifungua ile kamba kwenye nguzo. Bado ni mpya, imepauka kidogo tu kwa jua. Nimeikunja nimeiweka nyuma ya kiti changu. Mama ameuliza sasa ataanika wapi nguo.